Watu wanachemsha, maabara inaloweka kwenye methanoli

Pita Soko la Kilombero hapa Arusha asubuhi yoyote, au shuka Moshi uende Mbuyuni, utawakuta akina mama wa Kimasai wamepanga magome, mizizi na unga wa kila rangi juu ya turubai, na ukiuliza hii inatibu nini utaambiwa tumbo, mgongo, presha, sukari, nguvu za kiume, afu mwishoni kuna maneno hayakosi, "inaongeza kinga". Sina ugomvi na wale mama, wengi wao wanajua miti kuliko sisi tuliokaa darasani. Ninachotaka kuongelea ni hilo neno kinga, manake limeshatoka kwenye turubai limehamia kwenye makopo yenye lebo nzuri na kwenye magrupu ya WhatsApp, limeingia mpaka kwenye tafiti za vyuo, na kote huko linasemwa kirahisi mno. Msimamo wangu ni kwamba dawa ipimwe vile inavyonywewa, kama watu wanachemsha kwa maji basi na maabara ichemshe kwa maji, na kipimo kikishaanza kiende mpaka kwa binadamu, kisiishie kwenye kichupa halafu watu wakaanza kuuziwa.

Kwa nini nang'ang'ania maji? Kwa sababu ya kundi moja la vitu vilivyomo kwenye mimea ambalo huku kwetu haliongelewi kabisa, polisakaridi. Hizi ni sukari ndogondogo zilizoungana kwa mnyororo mrefu, we chukua mkufu wa shanga wa Kimasai, kila shanga ni sukari moja, kuna glukosi, galaktosi, manosi, arabinosi na nyingine kadhaa, na ukibadilisha mpangilio wa shanga au ukaweka matawi pembeni unapata kitu kingine kabisa chenye tabia nyingine. Wanga wa ugali ni glukosi tupu. Pamba nayo ni glukosi tupu, ila zimeunganishwa kwa upande mwingine, na hiyo tofauti peke yake ndo inafanya ugali ushibishe na pamba isilike. Ule ute wa mlenda na bamia ni polisakaridi, mnato wa ndani ya jani la mshubiri (aloe vera), gundi ya mgunga, pektini iliyojaa kwenye ubuyu, zote ni familia moja, na kitu kinachoziunganisha ni kwamba nyingi zinatoka kwenye maji, hasa maji ya moto, na kwenye spiriti hazitoki.

Sasa angalia jinsi mimea dawa inavyopimwa mara nyingi. Gome linakaushwa, linasagwa, linalowekwa kwenye vimiminika vya maabara, kwanza petroli etha, likitoka hapo dikloromethani, kisha ethili asetati, mwisho methanoli, na kile kilichotoka kinakaushwa na kuwekwa kwenye sahani zenye bakteria kuona kama wanakufa. Kwa vitu vidogo kama alkaloidi hiyo njia ni nzuri sana na imetupa dawa nyingi duniani. Lakini polisakaridi haziyeyuki mle, zinabaki kwenye makapi, na makapi yanaenda kwenye ndoo ya taka. Halafu inaandikwa ripoti kwamba mmea fulani hauna kitu, wakati hakuna mtu hata mmoja Ngaramtoni au Longido anayelowesha olkiloriti, lile gome la mgunga la Wamasai, kwenye dikloromethani, olkiloriti inachemshwa kwenye supu ya nyama na mifupa, masaa, mpaka supu inakuwa nyekundu. Kilichopimwa na kilichonywewa ni vitu viwili.

Na hii haimaanishi maji ya moto ndo jibu la kila kitu, mfano mzuri ni wa Tu Youyou wa China, yule mama aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria. Timu yake ilikuwa inahangaika na mmea wa pakanga, Artemisia annua, matokeo leo yanakubali kesho yanakataa, akarudi kwenye maandiko ya mganga wa zamani Ge Hong, wa karne ya 4, akakuta yule mzee ameelekeza loweka kwenye maji, kamua, kunywa, hajataja kuchemsha popote. Hapo akashtuka kwamba joto ndo linaharibu, mwaka 1971 akahamia kwenye etha kwa joto la chini na dawa ikaonekana. Watu wengi wanasimulia hii stori kama ushindi wa kemia dhidi ya dawa za kienyeji, mi naisoma tofauti, naona ni mtu aliyesoma kwa makini jinsi dawa inavyotumiwa akaifuata. Kama Ge Hong aliambia watu wakamue, basi ukichemsha unapima kitu chako mwenyewe. Na kama mama wa Monduli anachemsha, ukiloweka kwenye methanoli na wewe unapima kitu chako mwenyewe.

Afrika kuna mahali hili limeshafanyika vizuri na sio mbali kihivyo kimawazo, ni Mali. Idara yao ya tiba asili pale Bamako imefanya kazi miaka mingi na Chuo Kikuu cha Oslo, na Profesa Berit Smestad Paulsen na wenzake wakawa wanauliza waganga kwanza, mnaitumiaje, na kwa kuwa jibu lilikuwa maji basi wakatoa kwa maji, kuna ya nyuzi 50 na kuna ya nyuzi 100, wakazikuta polisakaridi za jamii ya pektini kwenye mimea ya vidonda na ya tumbo. Mmoja wapo, Vernonia kotschyana, mizizi yake inauzwa Mali kama dawa iliyoboreshwa ya vidonda vya tumbo, inaitwa Gastrosedal. Sisemi kila kitu kimekamilika kule, nasema waliuliza swali sahihi mwanzoni.

Utaratibu wenyewe wa kuzitoa hauna siri. Unga wa mmea unaoshwa kwanza kwa spiriti ili rangi, mafuta na vitu vidogo vitoke, afu unachemshwa kwenye maji, unachujwa, maji yanapunguzwa mpaka yanakuwa mazito kidogo, kisha unamwagia ethanoli mara 3 au 4 ya ujazo wake na kuacha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi unakuta wingu jeupe limezama chini, wakati mwingine ni nyuzi kabisa unaweza kuzivuta kwa kijiti, hizo ndo polisakaridi zikiwa bado chafu. Chafu kwa maana zimebeba protini, tanini (vile vitu vya magome vinavyokausha ulimi), chumvi. Protini zinatolewa kwa vimeng'enya au kwa mchanganyiko wa klorofomu na butanoli, chumvi na vitu vidogo vinatolewa kwa kuziweka kwenye mfuko wenye vitundu vidogo mno ndani ya maji siku kadhaa, afu ndo zinapitishwa kwenye safu za kuzitenganisha, kwanza kwa chaji halafu kwa ukubwa.

Kila hatua hapo inabadilisha kitu. Ukichemsha dakika 10 na ukichemsha masaa 4 unaweza kupata minyororo tofauti kutoka gome lilelile, ukitia limau asidi inaanza kuikatakata, ukivuna wakati wa mvua na ukivuna kiangazi sio sawa, jani na mzizi sio sawa. Kwa hiyo mtu akikwambia "polisakaridi za mlonge zinafanya hivi" bila kukwambia jani au mbegu, maji ya nyuzi ngapi, muda gani, na uzito wa mnyororo ulikuwa kiasi gani, bado hajakwambia kitu unachoweza kukirudia.

Sasa kupima kuna kiasi. Kipimo maarufu ni cha mwaka 1956, unaweka fenoli na asidi kali ya salfa, inatoka rangi ya machungwa, unaisoma kwenye mashine, unapata jumla ya sukari. Ni kipimo kizuri na cha bei nafuu ila kina upofu mmoja mkubwa, kinaona sukari tu, hakijui ni sukari ya wapi. Weka wanga wa mahindi kitakupa namba nzuri. Weka maltodekstrini, ule unga wa bei rahisi unaotumika kuongeza uzito kwenye bidhaa za mshubiri na uyoga, kitakupa namba nzuri pia. Kwa hiyo kopo likiandikwa "polisakaridi asilimia kadhaa" swali la kwanza liwe za aina gani, na kwa upande wa wanga angalau, tone la iodini linatosha kuanza nalo, likienda bluu nyeusi ujue umenunua wanga, mtoto wa kidato cha pili anaweza kulifanya hilo. Maltodekstrini inahitaji kazi zaidi, inabidi mnyororo uvunjwe wote na kila sukari ihesabiwe peke yake. Kwa mshubiri mathalani unatarajia kuona manosi kwa wingi, sababu asemanani, ile polisakaridi yake maarufu, imejengwa kwa manosi. Ukikuta glukosi tupu mshubiri haupo hapo.

Baada ya kujua ni nini ndo tunauliza inafanya nini, na hapa ndo nina donge.

Kipimo kinachopendwa kuliko vyote ni cha antioksidanti, vitu vinavyosemwa vinakamata sumu mwilini, kile cha DPPH. Ni unga wa zambarau, ukiweka kitu chenye uwezo rangi inafifia kuwa njano, unalinganisha na vitamini C, umemaliza mchana mmoja. Kwa polisakaridi za magome kipimo hiki kinadanganya kirahisi mno kwa sababu gome la mgunga limejaa tanini, na tanini zinang'ang'ania kwenye polisakaridi hata baada ya kusafisha, kwa hiyo ile njano unayoiona mara nyingi ni kazi ya tanini kidogo zilizobaki. Ungepima na kiasi cha fenoli kilichobaki ungegundua. Na hata kama ni polisakaridi kweli, mnyororo mkubwa hivyo hauingii kwenye damu ukazunguke kukamata sumu mwilini kama tunavyoambiwa, unashuka na utumbo.

Cha pili ndo cha kinga. Unachukua seli za makrofaji, hizi ni askari wa mwili wanaomeza wadudu, mara nyingi ni za panya zilizokuzwa maabara, unaziwekea dawa yako halafu unapima kama zimeamka, zimetoa nitriki oksidi, zimetoa TNF-alfa na kemikali nyingine za vita. Zikiamka unaandika dawa inaongeza kinga. Jamani, hapa kuna shimo ambalo tafiti nyingi sana duniani zimetumbukia. Bakteria wa kundi la gramu hasi, E. koli akiwemo, wana kitu kwenye ganda lao la nje kinaitwa endotoksini, na makrofaji zinaamka kwa endotoksini kidogo kupita maelezo, nanogramu moja kwenye mililita inatosha kabisa. Sasa mizizi inatoka kwenye udongo, gome limekaa sokoni na vumbi, limeshikwa, limemwagiwa maji, lina bakteria kila kona. Unaweza kusema si tumechemsha? Bakteria anakufa ila endotoksini yake haifi, vyombo vya glasi vya maabara vinaondolewa endotoksini kwa joto kavu la nyuzi 250 nusu saa nzima. Na ukimwaga ethanoli ili polisakaridi zizame, endotoksini nayo inazama pamoja nazo, kwa hiyo njia ileile tunayotumia kukusanya dawa inakusanya na uchafu.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi walionyesha kwamba kwa baadhi ya mimea maarufu kabisa ya "kinga", ekinasia ikiwemo, sehemu kubwa ya kuamsha makrofaji ilitoka kwenye mabaki ya bakteria, yaani endotoksini na lipoprotini zao. Fikiria hapo ni mimea iliyouzwa kwa mabilioni ya dola. Kujikinga na hilo shimo kunawezekana, unapima endotoksini kwa kipimo kinachotumia damu ya Limulus, mnyama wa baharini anayefanana na kaa, japo inabidi uchague aina isiyodanganywa na beta-glukani (polisakaridi za uyoga na kuvu) kwa sababu nazo zinakiamsha hicho kipimo, unaweka polimiksini B inayofunga endotoksini uone kama dawa bado inafanya kazi, na unavunja polisakaridi yako kwa kimeng'enya uone kama nguvu imepotea. Kama umeivunja na nguvu bado ipo, haikuwa yake. Mi naona utafiti wowote wa kinga kutoka kwenye vyuo vyetu usiokuwa na hivyo vitu usiruhusiwe kutumia neno kinga kwenye kichwa cha habari.

Tena hilo neno lenyewe liangaliwe, manake kuamsha sio lazima iwe faida. Ile TNF-alfa tunayoifurahia kwenye kichupa ndo hiyohiyo ambayo madaktari wanawapa wagonjwa wa baridi yabisi sindano za kuizuia. Mama mwenye viungo vilivyovimba akinunua kopo la kuongeza kinga na likawa linafanya kweli kinachosemwa, hajanunua afya.

Watu watasema mbona Japan walitumia polisakaridi hospitali. Ni kweli, PSK inayotokana na uyoga ilikubaliwa kule mwaka 1977 na lentinani ya uyoga wa shiitake mwaka 1985, kama nyongeza kwenye matibabu ya saratani. Lakini lentinani ilikuwa sindano ya mshipa, imesafishwa, kipimo kinajulikana, na mgonjwa yuko kwenye dawa zake za saratani kama kawaida. Huwezi kutoka hapo ukaruka mpaka kwenye unga wa uyoga wa kukoroga kwenye uji.

Kinachonivutia mimi zaidi ni upande wa utumbo, na hapa Tanzania Kaskazini tuna kitu dunia nzima inakuja kukiangalia. Mwili wa binadamu una vimeng'enya vichache sana vya kukata polisakaridi za chakula, hazifiki aina 20, wanga tunauweza na vichache vingine, basi. Bakteria mmoja tu wa utumboni, Bacteroides thetaiotaomicron, ana zaidi ya 200. Maana yake ute wa mlenda au pektini ya ubuyu tunaimeza sisi ila wanaoila ni wao, wakishakula wanatoa asidi fupi, asetati, propionati na butirati, na butirati ndo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana, zinatuliza uvimbe, zinasaidia mwili kufyonza maji na chumvi. Kama polisakaridi ya mmea ina faida kwa mtu anayekunywa, sehemu kubwa ya faida hiyo itapitia kwa hawa wadudu, na kichupa cha makrofaji hakina hata mmoja.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamefanyiwa tafiti zilizosomwa kote, moja mwaka 2014 na nyingine mwaka 2017, na ikaonekana wana bakteria wa utumboni wa aina nyingi kuliko watu wa nchi za viwanda, tena wanabadilika na msimu, kuna wanaopungua mpaka hawaonekani kipindi cha mvua halafu wanarudi kiangazi. Chakula chao ni mizizi, ubuyu, matunda pori, asali, nyama. Kwa hiyo polisakaridi iliyopimwa kwa watu wa Oslo au Tokyo haitupi jibu la mtu wa Eyasi, na haimpi jibu mtu wa Sakina hapa mjini Arusha anayeishi kwa chipsi na soda. Lazima ipimwe hapa, kwa matumbo ya hapa. Hili silisemi kwa uzalendo, kazi inafanywa na bakteria na bakteria wanatofautiana.

Na sio kwamba kupima kwa binadamu ni ndoto. Nimezaliwa Moshi, nimelelewa na ndizi, kwa hiyo huu utafiti ninaupenda kuliko yote. Mwaka 2001 watafiti wa Bangladesh walichapisha kazi yao kwa watoto wa kiume 62 wa miezi 5 mpaka 12 waliokuwa na kuhara kusikokoma. Wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa chakula cha mchele peke yake, wengine mchele na ndizi mbichi zilizopikwa, wengine mchele na pektini. Siku ya 3, waliopona kwenye kundi la ndizi walikuwa asilimia 59, pektini asilimia 55, mchele peke yake asilimia 15. Hakuna kichupa, hakuna panya, ni watoto wamelala na mama zao pembeni, na wanaopima hawajui nani yuko kundi gani. Wanga sugu wa ndizi na pektini vinashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wanavichachua, zile asidi fupi zinavuta chumvi na maji kurudi mwilini. Yaani wametuonyesha kitu chenyewe, kiasi chake, kwa nani, kwa siku ngapi na kinavyofanya kazi. Miaka 20 baadaye Bangladesh hiyohiyo wakaja na chakula cha watoto wenye utapiamlo, ndani yake kuna ndizi mbichi, dengu, soya na karanga, kimechaguliwa kwa kuangalia bakteria wa utumbo, na mwaka 2021 wakaonyesha watoto wanaongezeka uzito vizuri kuliko kwenye chakula cha nyongeza cha kawaida.

Ndizi mbichi, jamani. Uchagani tunapika mtori wa mshare tangu enzi za mababu, mzazi anapewa, mgonjwa anapewa, na kipimo kikafanyika Dhaka. (Utafiti ule haukuwa wa mtori na nyama, na mtoto anayehara anahitaji ORS na zinki kwanza, asije mtu akaacha hivyo akashika sufuria.) Inaniuma kwa sababu maarifa yalikuwepo mezani kwetu na hospitali ya KCMC ipo Moshi tangu mwaka 1971.

Gharama ya kutokuwa na utaratibu wa kupima haraka na kwa uaminifu tuliilipa mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo. Kikombe cha Babu, marehemu Mchungaji Ambilikile Masapila, shilingi 500, mizizi ya mugariga iliyochemshwa, foleni ya magari kilometa na kilometa, watu wametoka mpaka nje ya nchi, wagonjwa wametolewa wodini na wengine walifia kwenye foleni. Watu waliacha ARV, waliacha dawa za TB na za sukari. Wataalamu walikwenda, wakasema hiki kikasemwa kile, lakini mtu wa kawaida hakupata jibu la wazi kwa wakati aliokuwa analihitaji, akabaki na imani yake na nauli yake. Mugariga ni mmea wa kweli, unatumika Afrika Mashariki nzima kwa maumivu na tumbo, ungestahili kupimwa kwa utulivu miaka 10 kabla ya foleni, ukiwa bado ni mzizi tu na haujawa muujiza.

Na kuna hatari ya upande wa pili pia, ya watu kuamini asili haina madhara. Mshubiri ni mfano. Lile jeli la katikati lenye asemanani ni kitu kimoja, na yale maji ya njano machungu chini ya ganda yenye aloini ni kitu kingine. Sasa naona mjini watu wanasaga jani zima kwenye blenda wananywa kila asubuhi. Panya waliopewa dondoo la jani zima kwenye maji yao kwa miaka 2 walipata uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaliweka dondoo hilo kwenye kundi la vitu vinavyowezekana kusababisha saratani kwa binadamu. Kama unautumia, menya, osha jeli mpaka njano iishe, na usinywe miezi na miezi. Na vitu vyote vya ute, viwe mlenda wa unga au mbegu za kuloweka, visinywewe kwa wakati mmoja na vidonge vyako, ute unaweza kuchelewesha au kupunguza dawa inayofyonzwa.

Sasa tufanye nini hapa hapa, maana kulalamika peke yake hakutoshi. Ngaramtoni kuna hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, kwa wale waliokuwa TPRI na sasa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale ndo unathibitisha kwamba gome ulilonunua ni la mti huo kweli, manake sokoni jina moja linaweza kubeba miti miwili. Tengeru kuna chuo cha Nelson Mandela chenye maabara na wanafunzi wa shahada za juu. Moshi, kilometa kama 80 kutoka Arusha, kuna KCMC na kituo chake cha utafiti wa tiba. Sheria ya tiba asili tunayo tangu mwaka 2002, baraza la kusajili dawa lipo, kibali cha maadili kinatolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Yaani mti, maabara, wodi na sheria vyote viko kwenye barabara moja, kinachokosekana ni mtu wa kusema tunaanza na kitu kimoja tunakimaliza, badala ya kila mwanafunzi kuchukua mmea wake mpya, kuupima DPPH, kuandika kurasa zake na kuondoka.

Mi ningeanza na supu. Achukuliwe mama anayeuza na kupika supu ya olkiloriti, aipike yeye mwenyewe kwa mkono wake, sufuria yake, maji yake, muda wake jikoni, watafiti wakae pembeni na saa, kipimajoto na mizani. Kikombe kimoja kiende maabara, sukari zihesabiwe moja moja, tanini zipimwe, endotoksini ipimwe, wachemshe na nyingine isiyo na gome ili tujue lipi ni la mifupa na lipi ni la mti, ile sehemu ya polisakaridi ichachushwe na bakteria kutoka kwa watu wa Longido na watu wa mjini tuone wanatoa nini. Ikionekana ina kitu na haina sumu, ndo iende kwa watu wazima wachache waliokubali, kwa swali dogo linalopimika, mfano sukari ya damu baada ya kula nyama na ugali, sio "kinga". Ikionekana haina kitu itangazwe hivyohivyo kwa sauti ileile, kwa Kiswahili na kwa Kimasai, sokoni. Na makubaliano ya nani anapata nini bidhaa ikitoka yaandikwe na yule mama ayasaini kabla sufuria haijawekwa jikoni, jina lake likiwa mstari mmoja na la profesa.